Matilda Imetia Nanga Tanga

Mtoto alikuwa ametimiza miezi minne na bado hakuwa na jina. Pale kijijini Vudee wapo walioanza kumwita Mgeni, wapo waliomwita Bwana Mdogo, na shangazi yake mmoja mwenye mdomo alimwita Subiri, watu wakacheka mlangoni mwa kanisa mpaka mzee wa kanisa akakohoa. Mtoto mwenyewe hakuwa na neno. Alinyonya, akalala, mashavu yakajaa. Shida ilikuwa kwa bibi yake, Dina, na Dina akishakataa jambo, amekataa. Unaweza kumletea mchungaji, unaweza kumletea kaka zake wote wanne, atawapikia, atawasindikiza, na jambo litabaki palepale.

Jina lilikuwepo, usidhani halikuwepo. Katika ukoo wa Filemoni, mume wake, mtoto wa kiume wa pili huchukua jina la kaka wa baba yake, kama kaka huyo ameshatangulia, na huyu alikuwa wa pili. Baba wa mtoto alikuwa Kaanaeli, mwana mdogo wa Dina, ambaye wakati huo alikuwa kule bondeni Maore akilima mpunga. Na kaka yake Kaanaeli alikuwa Eliaichi. Hapo ndipo penyewe. Eliaichi alikwenda kwenye vita vya Hitla na hakurudi.

Tena ukoo ule hauchukui jina la mtu kama anayeazima jembe. Kwanza jina huitwa mara tatu pale alipolala mwenyewe, kwa sauti, na watu hunyamaza wakisikiliza. Pasipokuwa na jibu, jina limeachiliwa. Halafu mama aliyelitoa mara ya kwanza, akiwa yu hai, ndiye anayelitoa tena. Humwagia mtoto utosini maji ya ndiva, lile bwawa la kumwagilia mashamba, akaliita jina mara tatu, na mara ya tatu mwanamume mmoja huitika kwa niaba ya mtoto: “Naam!” Basi, imekwisha, watu wanakula.

Sasa Eliaichi alilala wapi? Baharini, walisema. Nani angekwenda kumwita huko? Wazee wa ukoo walikuwa radhi kuliruka hilo, wakasema Mungu anaelewa. Dina hakuwa radhi, na sababu yake aliisema mara moja tu, akiwa anachambua maharage, bila kuinua macho.

“Jina lina mwenyewe. Akirudi akamkuta mtoto analo, nitamwambia nini? Kwamba nilichoka kumngoja?”

Eliakunda, mkaza mwana wake, alikuwa amekaa hapo na mtoto mapajani. Alitaka sana mwanawe awe na jina, angalau la kumwimbia. Lakini aliposikia vile hakuweza kubishana, akachukua ungo wa pili akasaidia kuchambua.

Eliaichi aliondoka mwaka wa arobaini, kijana wa miaka ishirini, mrefu, mwenye kucheka kwa pua. Alishuka Same kununua chumvi akarudi ameandikishwa kwenye jeshi la majini. La majini, jamani! Mtu ambaye maji makubwa kuliko yote aliyowahi kuyaona yalikuwa ndiva ya Mavura, na hata hiyo aliogopa kuiingia zaidi ya magoti. Mji mzima ulimcheka. Yeye naye alicheka, akakumbatia kila mtu, akashuka mlima. Baada ya miezi michache barua ikaja: “Mama, mimi sijambo. Sasa nakaa kwa Matilda.” Dina alilia siku mbili akidhani mwanawe ameoa Mzungu kule Mombasa bila hata kuaga. Barua ya pili ndiyo iliyomtuliza. Matilda ilikuwa manowari, meli ya vita ndogo ya kijivu, na kazi ya Eliaichi ilikuwa kutia makaa kwenye tanuri lake. Ndani ya barua aliweka utepe mweusi wa kofia ya baharia ulioandikwa jina la meli kwa herufi za dhahabu. Dina aliuweka kwenye Biblia, katika Zaburi, na herufi zile akazijua kama anavyojua vidole vyake.

Barua ya mwisho ilisema hivi: “Huku maji yote ni chumvi, na ya kunywa yana ladha ya bati. Siku nikirudi, Mama, kabla ya salamu nipe kwanza kibuyu cha maji ya Mavura.” Kisha mwaka wa arobaini na mbili tarishi alipanda mlima na karatasi ya serikali. Ilisema Matilda imezama, na Eliaichi hakuonekana miongoni mwa waliookolewa.

“Hawakusema wamemwona amekufa,” Dina alisema siku ile. Na miaka tisa baadaye alikuwa bado anasema hivyohivyo.

Basi, Jumapili moja baada ya ibada, mwalimu Nathanaeli alikaa kwenye ngazi za kanisa akawasomea watu gazeti. Mwalimu alikuwa mgeni pale, ametoka Lembeni hata mwaka hajamaliza, hakujua habari za nyumba za watu. Akasoma habari za mvua, akasoma habari za nzige, halafu bila hata kuvuta pumzi akasoma kwamba manowari Matilda imetia nanga Tanga kwa siku kumi, na kwamba siku ya Alhamisi baadhi ya mabaharia wake watapita Same kwa gari la moshi wakienda Moshi kucheza mpira na kuuona mlima. Akafungua ukurasa wa pili. Ila hakuna aliyekuwa akimsikiliza tena. Watu wote walikuwa wanamtazama Dina.

“Mwalimu,” Dina alisema, “rudia hapo nyuma.”

Akarudia.

“Jina la hiyo manowari tena?”

“Matilda, mama.”

“Asante, mwanangu.” Akafunga mwavuli wake, ingawa jua lilikuwa kali, akatembea kwenda nyumbani bila kumngoja mtu.

Filemoni alimkuta ameshapima mahindi na maharage ya makande, sufuria kubwa, ile ya sikukuu. Akakaa kwenye kigoda akanyoosha goti lake bovu.

“Baba Eliaichi, umesikia.”

“Nimesikia.”

“Walituandikia kwamba imezama.”

“Walituandikia.”

“Kitu kilichozama kinatia nanga?”

Filemoni alijikuna kidevu. Alikuwa mtu wa maneno machache, na mengi ya hayo alikuwa ameshayatumia ujanani kumposa. “Labda ni nyingine,” alisema polepole. “Labda wameipa nyingine jina lilelile.”

Dina alicheka, na si kicheko kizuri. “Watu wenye akili ya kutengeneza treni wakose jina jingine? Majina ya wanawake wa Kizungu yamekwisha yote? Hakuna Magreti? Hakuna Elizabeti?” Akageuza kuni. “Na hata kama wamefilisika majina, nani atachukua jina la kitu ambacho watu wake hawajaitwa? Hata Mzungu ana mama yake.”

Filemoni alikwisha kumlilia Eliaichi zamani, peke yake, kule juu kwenye mfereji wa maji zamu ya kumwagilia ilipokuwa yake, ambako mtu akionekana uso umelowa hakuna anayeuliza. Hakuwahi kumwambia mkewe. Alimpenda mno hata asiweze kumtangulia katika jambo lile. Akainuka, akaingia ndani, akarudi na sweta la sufu la Eliaichi, lile la kijani ambalo Dina alilifuma kwa mkono na kulitoa juani kila mwezi lisiliwe na nondo.

“Goti langu halitaki mteremko,” alisema. “Nenda na Eliakunda. Na mchukulieni hili. Moshi kuna baridi.”

Dina alilipokea sweta. Alijua mumewe haamini, na alijua pia ni kwa nini amelileta. Akampa bakuli la kwanza la uji jioni ile, kabla ya mtu mwingine yeyote.

Jumatano kabla jua halijachomoza Dina alikwenda ndiva ya Mavura akajaza kibuyu, akakiziba kwa jani la mgomba. Wakaondoka: Dina na kapu lenye sufuria ya makande, kibuyu na sweta, Eliakunda na mtoto mgongoni. Njia ya kushuka unaifahamu ilivyo, mawe yanateleza na magoti yanatetemeka, na kila ukishuka joto linakupokea zaidi. Migomba ikaisha, mibuni ikaisha, wakaingia kwenye miiba na vumbi jekundu. Dina alitembea mbele akizungumza njia nzima. Alimweleza Eliakunda jinsi Eliaichi alivyokuwa mtoto, jinsi alivyokula udongo, jinsi alivyokataa kukata nywele. Miaka tisa hakuwa amemzungumza hivyo. Eliakunda alimfuata akisema “Ehe” na “Kumbe,” na moyoni alikuwa anaomba Mungu bila kujua aombe nini. Akiombea jina la mwanawe, ni kama anamwombea shemeji yake kifo. Akaamua kuombea tu mteremko.

Walilala Same kwa binamu yake Filemoni, na Alhamisi asubuhi wakawa wa kwanza stesheni.

Pale stesheni palikuwa na mama mmoja wa chai, Mwanaidi, mwenye benchi moja na birika moja na maneno ya kutosha watu kumi. Aliwaona wamesimama juani akawaita. “Nyie watu wa milimani, kaeni hapa kivulini! Gari halitakuja mapema kwa sababu mnalikodolea macho. Mleteni na huyo bwana mdogo. Anaitwa nani?”

Eliakunda akamtazama mkwewe. Dina akasema, “Hajaitwa bado. Tunamngoja baba yake mkubwa, anakuja na gari hili.”

“Haya, heri,” alisema Mwanaidi, akawamiminia chai. Alikuwa ameona watu wengi wakingoja gari pale, na alijua kunyamaza inapobidi.

Gari la moshi liliingia saa sita mchana, likipiga kelele na kutoa mvuke, likasimama kunywa maji. Na kweli, kwenye mabehewa mawili ya nyuma walishuka mabaharia, Wazungu na Waafrika, wamevaa nyeupe tupu, wakijinyoosha na kucheka na kununua ndizi. Dina alisimama. Alipita katikati yao taratibu, kapu kichwani, akimtazama mmoja mmoja, kwanza kofia, halafu uso. Kila kofia ilikuwa na utepe mweusi, na kila utepe ulikuwa na herufi zilezile za dhahabu. Ni yenyewe! Haki ya Mungu, ni yenyewe. Uso wa mwanawe alikuwa hajauona, lakini mabehewa yalikuwa mawili na watu walikuwa bado wanashuka.

Baharia mmoja Mwafrika, kijana mwembamba mwenye masikio yaliyotobolewa kama watu wa tambarare, alimwona anahangaika akamsogelea. Akavua kofia.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, baba. Eliaichi yuko behewa gani?”

“Eliaichi yupi, mama?”

“Wa Filemoni. Anatia makaa. Mwambie asione haya kushuka, hakuna aliyekasirika nyumbani. Mwambie mama yake yuko hapa, na maji ameyaleta.”

Kijana alibaki na kofia mkononi. “Eliaichi Filemoni,” alisema polepole, na alilitamka vizuri kabisa, kama mtu aliyezoea kulitamka.

“Eee! Unamjua!” Dina alimshika mkono kwa mikono yake miwili. “Eliakunda, njoo, huyu anamjua!”

“Nalijua jina lake, mama,” alisema kijana. “Njoo tukae.”

Akamshusha kapu kichwani, akampeleka kwenye benchi la Mwanaidi, naye akachuchumaa mbele yake chini mavumbini na nguo zake nyeupe vilevile. Akasema yeye ni Stefani, mtoto wa Koileken, wa hapo hapo tambarare ya Same, na ng'ombe wa baba yake hunywa maji mto Ruvu. Akasema ana mwaka mmoja na nusu ndani ya Matilda. Halafu akasema lile lililobaki, na alilisema bila kuzungukazunguka.

“Mama, hii si ile. Ile ya Eliaichi ilizama kweli. Hii ni meli mpya. Wameipa jina la ile.”

Dina hakulia. Alikasirika, na hasira ile ilimwinua benchini. “Wamelichukua? Kwa ruhusa ya nani?”

“Ya wakubwa, mama.”

“Kwa hiyo ndiyo desturi yao?”

“Ndiyo. Hii ni ya nne. Ya kwanza ilikuwa ya matanga, ikaungua. Ya pili ilizeeka bandarini wakaivunja. Ya tatu ni ile. Kila ikifa moja, jina linalala. Wakubwa wanangoja, wakiona muda umetosha wanaliamsha wanaipa nyingine, ili lisipotee na watu wake.”

“Na huyo Matilda mwenyewe ni nani anayesumbuliwa hivi asipumzike?”

Stefani alitaka kucheka akajizuia. “Hata hatujui, mama. Kapteni anasema alikuwa malkia wa zamani. Mpishi anasema alikuwa binti wa fundi aliyejenga ile ya kwanza. Sisi vijana tunasema alikuwa mama mkali tu.”

“Na sisi akina mama, tuliulizwa? Alikuja mtu Vudee akaniuliza, Dina, tumekwisha kulia, tuliamshe jina?”

“Hapana, mama. Hamkuulizwa.”

“Basi walikosa.”

“Walikosa,” alisema Stefani. Hakuwatetea hata kidogo, na hilo ndilo lililomkalisha Dina tena.

Kichwa cha treni kilikuwa kinakunywa maji bado, bomba likimwaga mengine chini. Stefani alitazama huko, kisha akamrudia Dina. Akamweleza kwamba ndani ya meli, kwenye ukuta wa ujia, kuna bamba la shaba. Juu yameandikwa majina ya Matilda zote na miaka yake, na chini yameandikwa majina ya watu waliokwenda na ile ya tatu, ishirini na sita. Kazi yake yeye Stefani kila asubuhi ni kulisugua lile bamba. “La Eliaichi ni la kumi na tisa. Nilipoanza kazi niliona jina la huku kwetu, la milimani, katikati ya majina yao yale. Nikafurahi, mama, usinichukie. Nilikuwa mgeni, naogopa maji, sina mtu. Nikawa nalisugua mwisho, ili nimalize nalo. Kila asubuhi nalisalimia.”

“Unalisalimia vipi?”

“Nasema, shikamoo kaka.”

Mwanaidi aliyekuwa anajifanya hasikii alipangusa pua kwa ncha ya kanga.

“Halafu mwaka jana,” Stefani aliendelea, “tulipita pale ilipozama. Kapteni akasimamisha mashine. Tukajipanga wote, kofia mkononi, akaanza kusoma majina. Alipofika kwa Eliaichi ulimi ukamshinda. Akajaribu, ikatoka kama kikohozi. Akanitazama akasema, Stefani, lisome wewe. Nikaenda mbele nikaliita. Lakini upepo ulikuwa mkali, nikaona halijafika popote, nikaliita tena kwa nguvu. Kisha nikawaza, huyu ni mtu wa kwetu, na hakuna mwingine hapa anayejua kumwita. Nikaenda mpaka ukingoni kabisa nikaliita mara ya tatu, kuelekea majini. Kapteni hakunikataza.”

Eliakunda, aliyesimama nyuma yake na mtoto, aliweka mkono mdomoni.

“Mara ngapi?” Dina aliuliza.

“Tatu, mama.”

“Pale pale alipo?”

“Pale pale.”

“Na watu walinyamaza?”

“Wote. Hata mashine ilikuwa imezimwa.”

“Na hakuitika.”

Stefani aliinamisha kichwa. “Hakuitika, mama.”

Hapo ndipo Dina alipovuta kanga yake usoni akalia. Alilia kama ambavyo hakulia siku ya tarishi, kwa sauti, mabega yakitikisika. Eliakunda alikaa ubavuni mwake akamshika kiuno, naye akalia. Mabaharia wa Kizungu waliokuwa wakimenya ndizi walisogea mbali taratibu, na mmoja akavua kofia bila kujua kuna nini. Stefani hakuondoka. Alibaki amechuchumaa, amemshika mama yule miguu yake yenye vumbi la safari nzima ya kutoka mlimani, mpaka kilio kikapungua chenyewe.

Dina alifunua uso. Alionekana mzee kuliko asubuhi, na pia ametulia kuliko asubuhi. “Hukuwa unajua,” alimwambia Stefani. “Hakuna aliyekufundisha desturi yetu.”

“Desturi gani, mama?”

“Basi. Umenifanyia kazi yangu.” Akavuta kapu akatoa sweta la kijani. “Simama. Nyoosha mikono.”

“Mama, hili si langu.”

“Nilikuuliza?”

Akasimama. Akalivaa juu ya sare yake nyeupe, kwenye jua lile la Same la saa sita, huku wenzake wakimpigia miluzi. Mikono ilimfika sawasawa. Dina alilinyoosha mabegani, akatoa uzi mmoja uliochomoza. “Moshi kuna baridi,” alisema. Akampa na makande, sufuria nzima, akamwambia awagawie wenziwe, na yule kapteni ambaye ulimi ulimshinda apewe pia.

Kengele ikalia. Mabaharia wakakimbilia mabehewa. Stefani akapanda wa mwisho na sufuria kifuani, akakaa dirishani, jasho linamtiririka ndani ya sufu, hakulivua.

Dina akamgeukia Eliakunda. “Nipe mtoto.”

“Hapa, mama? Hatungojei tufike Vudee? Baba hayupo, Kaanaeli hayupo, hakuna mwanamume wa kuitika.”

“Nimemngojesha miezi minne. Nipe.”

Akamweka mtoto kwenye mkono wake wa kushoto. Kwa mkono wa kulia akakitoa kibuyu kapuni, akang'oa lile jani kwa meno. Maji ya Mavura yalikuwa bado na ubaridi kidogo wa mlimani. Akamwaga kidogo utosini. Mtoto akakunja uso, akafungua macho, akamtazama bibi yake kwa mshangao mkubwa.

“Eliaichi,” Dina alisema. Ilitoka kwa shida, sauti imekwaruza. Treni ikapiga king'ora.

Akamwaga tena. “Eliaichi!” Magurudumu yakaanza kugeuka, mabehewa yakagongana moja baada ya jingine. Mwanaidi alikuwa ameacha birika lake na amesimama karibu, mikono kifuani, na Eliakunda alikuwa akitazama huku na huku stesheni nzima akitafuta mwanamume yeyote, mpagazi, mpita njia, yeyote.

Dina akamaliza maji yote yaliyokuwa kwenye kibuyu. Akainua uso akaita kwa nguvu zake zote, kama anavyoita mama aliye mlangoni mtoto aliye ng'ambo ya bonde.

“Eliaichi!”

Na kwenye lile gari lililokuwa likiondoka, kutoka dirisha la behewa la nyuma, kijana aliyevaa sweta la kijani akajitokeza mpaka kiunoni, kofia yenye jina la Matilda mkononi, akaitika kwa sauti iliyosikika stesheni nzima:

“Naam, mama!”